Kutoka Debe Hata Lita

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu tumeona vema kukumbuka habari za vipimo, kwa kuwa ushirika wa mlimani ulisimama juu ya mizani tangu mwanzo.

Wazee wetu wa Kirua Vunjo walipima maziwa kwa kibuyu na mbege kwa kata, na kila mtu alikijua kibuyu cha jirani yake. Lakini kahawa, iliyopandwa katika misheni ya Kilema miaka ya 1890, ilikuwa mali ya kuuzwa ng'ambo, na huko kibuyu hakijulikani. Wajerumani walikuja na kilo na lita, vipimo vya kwao tangu 1872. Waingereza walipoutwaa Moshi mwezi wa Machi 1916, zikafuata ratili na galoni; kwa ratili hizo K.N.C.U., iliyoundwa 1933, ilipokea kahawa yetu. Baada ya Uhuru, miaka ya 1960 ilipokuwa ikiisha, nchi ikarudi kwenye kilo na lita.

Katika mabadiliko yote hayo debe halikuondoka. Lilikuwa bati la mafuta ya taa, nalo lilihesabiwa galoni 4. Kwa sheria ya Uingereza ya 1824, galoni ni nafasi ya maji yenye uzito wa ratili 10; basi debe la maji lilikuwa ratili 40, yaani lita 18 na kidogo. Siku hizi ndoo ya plastiki ya lita 20 nayo yaitwa debe. Auzaye mbege kwa bei ya debe la kale, akajaza ndoo hiyo, ametoa karibu lita 2 bure. Na akiuza ndoo 10, amemzawadia mnunuzi debe zima. Tumefanya hivyo sisi wenyewe, tena kwa furaha.

Kosa la pili hujificha zaidi. Wafaransa walipotunga vipimo hivi mwaka 1795, waliifanya gramu kuwa uzito wa maji yajazayo mchemraba wa sentimita moja. Ndiyo maana lita ya maji ni kilo moja. Wengi wetu tukadhani lita ya kila kitu ni kilo. Sivyo. Lita ya mafuta ya kula haifiki kilo, bali lita ya maziwa huipita kwa gramu 30 hivi. Kopo la lita 40 za maziwa lina kilo 41 na ushee, mbali na uzito wa kopo lenyewe. Ikiwa bei ni ya kilo, na karani akapima kwa lita na kuandika 40, mkulima amepunjwa. Ikiwa bei ni ya lita, na karani akaziandika kilo 41 kuwa lita 41, kilichopunjwa ni Chama, nacho ni sisi. Tena liko povu la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi: hujaza kipimo, lakini mizani hailioni.

Kwa hiyo twawaomba makarani waache povu litulie, na katika daftari waandike kando ya kila hesabu kama ni kilo au ni lita. Nasi wanachama tuisome hesabu hiyo kabla ya kutia sahihi.