Akili kubadilika kwa ghafula: namna waganga wanatambua kinga ya mwili inayoshambulia ubongo

Kijana aliyekuwa muzima anaumwa kichwa na kuwa na homa kidogo. Kisha halali tena. Anaongea bila kukoma, anaona watu wasiokuwapo, anaogopa hata ndugu zake. Siku zinapita, degedege linamushika, mudomo unachezacheza peke yake, mwishowe ananyamaza kabisa. Nyumbani wengi wanasema amelogwa. Wanamupeleka mu chumba cha maombi ao kwa mufumu, na wakati unapotea.

Kuko ugonjwa unaofanana hivyo na unaotibika. Waganga wanauita ensefaliti otoimini. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kuua mikrobe, inakosea na kushambulia ubongo wenyewe.

Ulijulikanaje?

Aina inayojulikana zaidi ilielezwa mu mwaka 2007 na muganga Josep Dalmau na wenzake. Walichunguza wanawake 12 waliochanganyikiwa hivyo. Karibu wote walikuwa na uvimbe mu ovari. Mwili ulitengeneza antikori juu ya ule uvimbe, na antikori hizo zikashambulia ubongo. Lakini wagonjwa wengi hawana uvimbe wowote, na watoto na wanaume vile vile wanapatwa.

Mu mwaka 2009, huko New York, mwandishi wa habari Susannah Cahalan, wa miaka 24, alizungushwa kwa waganga mbalimbali. Mumoja alidhani ni pombe. Muganga Souhel Najjar alimuomba achore saa. Namba zote alizipanga upande wa kuume tu. Karatasi na kalamu vilionyesha kwamba sehemu ya ubongo imeguswa. Alitibiwa, akarudi kazini.

Waganga wanatazama nini?

Tangu 2016 wataalamu wanafuata mambo matatu:

1. Kumbukumbu, ufahamu ao tabia vimebadilika haraka, mu muda usiofikia miezi mitatu.
2. Kuko alama ingine moja ya ubongo kuguswa: degedege kwa mutu asiyekuwa na kifafa, mukono ao muguu kulegea, seli nyeupe nyingi mu maji ya mugongo, ao picha ya ubongo isiyo ya kawaida.
3. Magonjwa mengine yamechunguzwa na kuondolewa.

Mashariki mwa Kongo, jambo la tatu njo gumu zaidi. Malaria ya ubongo, menenjiti, kifua kikuu cha ubongo na magonjwa yanayoandamana na Ukimwi yanaweza kuonekana vile vile. Malaria na menenjiti zinaua haraka, kwa hiyo zinapimwa na kutibiwa kwanza, bila kungojea. Lakini kipimo cha malaria kikionyesha ndiyo, kazi haijaisha: watu wengi wanabeba vijidudu vya malaria bila kuugua. Mugonjwa akimaliza dawa ya malaria na akili bado imevurugika, inafaa kutafuta zaidi.

Sindano ya mugongo

Jamaa nyingi zinaikataa, zikiogopa kwamba italemaza. Sindano inaingia chini ya mahali uti wa neva unapoishia. Mugonjwa anaweza kuumwa kichwa siku chache, lakini maji hayo yanaonyesha kama kuko mikrobe. Seli zikiwa nyingi na mikrobe hazionekani, muganga anaanza kuwazia kinga ya mwili. Picha ya ubongo inaweza kuwa safi hata kama mutu ni mugonjwa sana. Kwa musichana ao mwanamuke, ekografi ya tumbo inasaidia kutafuta uvimbe wa ovari.

Kipimo cha antikori kinafanyika mu labo kubwa tu. Muganga halazimiki kungojea jibu: akisha kuondoa mikrobe, anaweza kuanza dawa za kortikoide. Kuzinunua mu famasi bila muganga ni hatari, sababu zinaweza kuamsha kifua kikuu kilichojificha.

Kupona kunawezekana

Mu uchunguzi wa wagonjwa 577 wa aina hiyo, uliotangazwa mu 2013, karibu 8 kwa 10 walikuwa na hali nzuri kisha miaka miwili. Waliotibiwa mapema walikuwa na bahati zaidi.

Jamaa ifanye nini?

Waandike siku mabadiliko yalipoanza, homa, degedege, na dawa zote alizokunywa, hata za kienyeji. Degedege likimupata, wamulaze ubavu, bila kumutia kitu mu kinywa. Wasimufunge kamba. Akipelekwa kwa waganga wa akili, wawaambie juu ya homa na degedege: dawa kali za kutuliza wazimu zinaweza kumukaza mwili na kumuongezea ugonjwa. Anayetaka kuomba aombe, lakini pembeni ya kitanda cha hospitali.