Kinga ya theluji na mchanga wa Kalemie

Juma lililopita, baada ya kipindi, baba mmoja alinisubiri nje ya studio. Mwaka 2017 alikimbia kijiji chake upande wa Nyunzu, wakati wa mapigano kati ya Watwa na Waluba, na sasa anataka kurudi kulima. Amejiwekea pesa ya kinga moja tu. Alinionyesha picha kwenye simu: baiskeli yenye matairi manene kama ya pikipiki. "Mwandishi, hii si ingefaa kwenye mchanga wetu?"

Nilimwomba aketi, kwa sababu jibu liko katika historia.

Zamani gurudumu la baiskeli lilivikwa mpira mgumu usio na upepo, na mpanda alitikisika mifupa yote. Mwaka 1888, John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo katika mji wa Belfast, alipata hati ya tairi la kujazwa upepo, alilolibuni kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Dunia nzima ikalitaka, na mpira ukatafutwa kila mahali. Kongo wakati huo ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili, tangu 1885 hadi 1908. Babu zetu walilazimishwa kugema mpira msituni. Aliyeshindwa kufikisha kipimo alichapwa, na wengine walikatwa mikono. Kwa hiyo tairi si kitu kigeni kwetu. Tulililipia kabla hatujalipanda.

Tairi nene la kwenye ile picha lilikuja baadaye sana, kutoka Alaska, jimbo la Marekani ambako theluji hufunika njia kwa miezi mingi. Theluji laini humeza gurudumu jembamba, sawasawa na mchanga wa pwani ya ziwa letu. Mwaka 1987 zilianza huko mbio za baiskeli zilizoitwa Iditabike, na mafundi wakaanza kuunganisha rimu mbili ubavu kwa ubavu ili tairi likanyage pana. Wengine, katika majangwa ya kusini, walitafuta dawa hiyohiyo kwa ajili ya mchanga. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ilitoa Pugsley, yenye matairi ya inchi 3.7. Kinga zetu za kawaida huvaa inchi moja na nusu.

Siri yake ni upepo mdogo. Tairi linajazwa kidogo tu, linalegea, linatandaa chini kama unyayo wa ngamia, na halizami.

Hapo ndipo nilipomwambia yule baba: angalia mzigo wako. Mtu wa Alaska anapanda yeye na mkoba wake. Wewe utafunga magunia ya mihogo, madumu ya mafuta, pengine na mgonjwa wa kupeleka hospitali. Ukiweka mzigo huo juu ya tairi lililolegea, rimu inagonga mawe na mpira wa ndani unakatika. Ukilijaza hadi likaze, faida yake kwenye mchanga inapungua, na umebaki na uzito wa kusukuma. Tena tairi likipasuka katikati ya njia, utapata wapi la namna hiyo?

Wenzetu wa Kivu Kaskazini walitengeneza chukudu ya mbao kwa sababu iliwafaa kushusha mizigo milimani, na fundi wa kijijini anaiweza. Mji wa Goma umeisimamishia sanamu. Nasi tuchague hivyo hivyo.

Basi, kabla ya kununua: chagua fremu ya chuma ambayo fundi wa kwenu anaweza kuichomelea. Hesabu spoku na uzijaribu kwa vidole, hasa za nyuma. Tazama keria imefungwa wapi. Chukua tairi pana kuliko yote yanayopita kwenye fremu bila kusugua, mradi linauzwa sokoni. Bakiza pesa ya mpira wa ndani mmoja, pampu na viraka. Kwenye mchanga, shuka usukume.

Yule baba alikunja simu yake mfukoni, akauliza bei ya spoku nene. Tulikwenda pamoja kwa fundi.