Ngomeni ya roketi: safari inayowafaa wanafunzi wa Garissa

Ukisimama ufuoni Ngomeni, kaskazini ya Malindi, utaona majukwaa ya chuma yamesimama kwa miguu mirefu katikati ya maji ya Ghuba ya Ungwana. Mgeni hudhani ni watu wanachimba mafuta. Wavuvi wa pale hupita na madau yao wala hawageuzi shingo, wameshayazoea. Hapo ndipo setilaiti ziliporushwa kutoka Kenya, na kwa mstari ulionyooka Garissa iko karibu zaidi na hapo kuliko ilivyo na Nairobi.

Kituo kilianzishwa miaka ya 1960 kwa makubaliano ya Kenya na Italia. Aliyekisimamia ni Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Sapienza, Roma, na leo kituo kina jina lake. Mahali hapakuchaguliwa kwa uzuri wa pwani. Karibu na ikweta ardhi inazunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita kama 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa upande huo hupata msukumo wa bure. Tena mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, kwa hivyo vipande vya roketi vikianguka haviangukii paa la mtu.

Setilaiti ya kwanza kutoka hapo, San Marco 2, iliruka tarehe 26 Aprili 1967. Lakini iliyoleta sifa ni ile ya Wamarekani iliyorushwa tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kutafuta miale ya eksirei angani, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Vipimo vyake vilisaidia wataalamu kuamini kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Waulize vijana wetu kumi kuhusu Uhuru hii, sidhani utampata mmoja anayeijua.

Kwa jumla setilaiti tisa ziliruka kutoka hapo, ya mwisho mwezi Machi 1988. Tangu hapo majukwaa yamenyamaza, lakini kituo cha nchi kavu hakikulala: kinapokea mawasiliano ya setilaiti na kufuatilia roketi za wengine. Darubini ya James Webb iliporushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, tarehe 25 Disemba 2021, antena za huku kwetu zilikuwa miongoni mwa zilizoifuatilia.

Kourou nimeitaja kwa sababu. Nao wako karibu na ikweta, nao wako pwani, na roketi zao ni ghali na za hatari. Hata hivyo wana jumba la makumbusho, na raia wa kawaida akijiandikisha mapema huzungushwa kituoni. Marekani nako, Kituo cha Kennedy huko Florida hupokea mabasi ya watalii na wanafunzi kila siku. Ulinzi upo, na wageni wapo. Ngomeni kungekuwa na siku inayojulikana ya wazi, hata mara moja kwa muhula, wenyeji ambao kwa miaka mingi wamelalamika kwamba hawaoni faida ya kituo wangekuwa na la kuonyesha watoto wao.

Na kwa nini Garissa? Kwa sababu hakuna Wakenya wanaoishi kwa macho ya setilaiti kama watu wa Kaskazini Mashariki, ingawa wengi hawajui. Taarifa za ukame zinazotolewa kila mwezi kwa Garissa, Wajir na Mandera hutegemea picha za angani zinazopima ukijani wa malisho. Bima ya mifugo ya takaful iliyoanza Wajir mwaka 2013 ilifanya kazi hivyo hivyo: malisho yakikauka kupita kiwango kilichowekwa, mfugaji analipwa, hakuna anayekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti hizo hazikurushwa Ngomeni, lakini mtoto wa mfugaji akiiona antena inavyopokea, atamweleza babake vizuri kuliko karatasi ya bima.

Mwalimu anayetaka kuwapeleka wanafunzi asiende tu akapige hodi. Ni eneo la ulinzi. Aandike mapema kwa Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa mwaka 2017, ataje idadi, umri na masomo ya wanafunzi, na asubiri jibu la maandishi kabla ya kukodi basi. Aulize pia wataonyeshwa nini hasa, maana kuyatazama majukwaa kutoka ufuoni si sawa na kuingia kituoni.

Safari ni ya siku nzima kwenda, kwa hivyo walale Malindi. Njia ni Hola, Garsen, kisha kuteremka pwani. Miezi ya mvua msijaribu. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliikata barabara ya Garissa vibaya. Hali ya usalama iulizwe kwa wenye kujua wiki ile ile, si mwezi uliopita. Na dereva aambiwe kwamba njia ya Ngomeni inaachana na barabara kuu Gongoni, kabla ya kufika Malindi.