Mawe ya Figo na Mawe ya Kibofu: Historia ya Istilahi Mbili

Mfasiri aandikapo "ugonjwa wa mawe" katika kijitabu cha afya hajavunja kanuni ya sarufi, lakini msomaji wake amemwacha njiani. Mawe yapi? Ya figo, ya mrija uteremshao mkojo, au ya kibofu?

Zamani neno "jiwe" tupu lilitosha, kwa sababu jiwe lililoweza kufikiwa kwa kisu lilikuwa la kibofu. Ndilo, kwa maoni ya wengi, linalokusudiwa katika kiapo cha Hippocrates, ambamo tabibu huapa kutompasua mwenye jiwe na kuwaachia kazi hiyo mafundi wake. Al-Razi, tabibu wa Uajemi aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika risala ya mawe akataja figo na kibofu mbalimbali. Ila katika usemi wa watu jina liliendelea kuwa moja.

Mfano ulio wazi ni Samuel Pepys wa London, mtumishi wa serikali kama walivyo wengi wa wasomaji wetu. Tarehe 26 Machi 1658, kabla nusukaputi haijajulikana, alipasuliwa kibofu, likatolewa jiwe kubwa mfano wa mpira wa tenisi. Akapona, akawa akiikumbuka siku ile kila mwaka kwa karamu. Alipofariki mwaka 1703 maiti yake ilichunguzwa, yakakutwa mawe saba katika figo ya kushoto. Kisu cha mwaka 1658 kisingaliweza kuyafikia hayo. Ni mwaka 1980, mjini Munich, ndipo mgonjwa wa kwanza alipovunjiwa jiwe la figo pasipo kupasuliwa, kwa mawimbi ya kishindo. (Nasema "kishindo", kwani "mshtuko" humpeleka msomaji kwenye umeme au hofu.)

Dalili nazo hutegemea mahali. Jiwe lililotulia figoni laweza kukaa miaka bila kumsumbua mtu. Likiingia mrijani, huanza maumivu makali ubavuni, nyuma, yakashuka hadi kinenani, yakija na kupungua. Mgonjwa hugaagaa, hapati mkao wa kumtuliza, na pengine hutapika. Wagonjwa wetu huyaita kichomi. Ni neno zuri, lakini ndilo pia jina la nimonia, na karani wa zahanati akiliandika peke yake daktari aweza kuanza na kifua. Heri tuandike "maumivu ya ubavu yashukayo kinenani", ijapokuwa ni refu. Vivyo hivyo damu katika mkojo: huku pwani wengi hudhani ni kichocho tu, nayo yaweza kuwa ya jiwe. Jiwe la kibofu, kwa upande wake, huuma chini ya kitovu na hukatiza mkojo ghafla.

Jambo moja lisipotee katika tafsiri yoyote. Maumivu ya ubavu yakiandamana na homa na kutetemeka, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile, maana mkojo uliozibwa ukiwa na vijidudu waweza kuua.

Kwa hiyo napendekeza "jiwe la figo", "jiwe la kibofu" na, kwa lile lililo katikati, "jiwe la mrija wa figo", ili lisichanganywe na njia ya kutokea mkojo. Kulifufua neno la kale "nso" sioni faida: "figo" limekwisha kuenea, buchani na hospitalini.