Maneno ya Kutakia Heri katika Dini ya Buddha

Asimamaye Chalinze, pale njia ya Morogoro iachanapo na njia ya Tanga, husikia mchana kutwa maneno haya: "Mfike salama." Ni maneno mafupi, lakini ndani yake mna fumbo. Mtu asemapo, "Mungu awafikishe salama," twajua aombwaye ni nani. Lakini katika "Mfike salama" aombwa nani?

Swali hili latusaidia kufahamu sala za wafuasi wa Buddha, ambao hawako mbali nasi. Wasinghala waliotoka kisiwa cha Ceylon, kiitwacho Sri Lanka tangu 1972, waliweka hekalu lao Dar es Salaam yapata 1920.

Buddha alifundisha kaskazini ya Bara Hindi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Hakuwaagiza watu wamwombe Muumba. Mafundisho yake yalihifadhiwa kwa kukaririwa, hata yakaandikwa Ceylon katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, kwa lugha ya Kipali. Kwa lugha hiyo mfuasi hutaka viumbe vyote viwe na raha na amani. Kitenzi chake ni cha kutakia, kama "wapone" au "mfike" katika Kiswahili, na aombwaye hatajwi.

Je, hayo ni maneno matupu? Sivyo. Mtawa Buddhaghosa, aliyeandika huko Ceylon katika karne ya 5, ameeleza utaratibu wake. Kwanza mtu hujitakia heri mwenyewe, apate kukumbuka kwamba wengine nao hupenda raha na kuogopa taabu kama yeye. Kisha humtakia mwalimu wake, kisha rafiki ampendaye, kisha mtu asiye rafiki wala adui. Mwisho adui yake. Akiona moyo wakataa kumtakia heri adui, hurudi nyuma akaanza tena. Hivyo maneno yale humfanyia kazi msemaji kwanza: humpima moyo na kuulainisha.

Basi mwenye kumwomba Mungu na mfuasi wa Buddha hawakubaliani juu ya nani asikiaye. Lakini wote wawili wajua kwamba heri itakiwayo kwa ulimi humdai mwenye kuisema. Awaambiaye abiria, "Mfike salama," kisha akazidisha mizigo juu ya gari lao, huyo hajawatakia heri bado.