Jiwe la Bluu la Kasulu na Historia ya Tanzanaiti

Mwaka jana nikiwa Kasulu, kijana mchimbaji kutoka Kibondo aliniletea kipande cha bluu kilichofungwa kitambaani. Dalali alikuwa amemwuzia kwa shilingi elfu arobaini kama tanzanaiti ghafi, eti iliyookotwa kandokando ya Mto Malagarasi. Alikuwa amesikia kwamba ninafundisha chuo kikuu. Kwamba somo langu ni historia hakukumshughulisha.

Nilikigeuzageuza juani. Tanzanaiti huonyesha bluu ukiitazama upande mmoja, zambarau upande mwingine, na wekundu wa kahawia upande wa tatu. Kipande kile kilikuwa na bluu ileile kila upande, na ndani mna viputo vya hewa. Ilikuwa chupa.

Hata kabla ya jua, ardhi yenyewe ingetosha kumtia shaka. Nchi ya Buha kwa sehemu kubwa imelala juu ya mawe ya mchanga na lava za kale. Tanzanaiti ilizaliwa katika miamba iliyopikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, yenye madini ya kinywe, kule Mirerani wilayani Simanjiro, na hadi leo haichimbwi kibiashara mahali pengine popote duniani.

Sikumlaumu, kwa kuwa mwaka 1967 hata wajuzi walibabaika. Jumanne Ngoma aliyaona mawe yale Mirerani. Manuel de Souza akasajili eneo lake la uchimbaji Julai mwaka huohuo. Wapo waliodhani ni yakuti samawi, ingawa yakuti ina ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs, na jiwe hili halizidi 7. Sampuli zilisafiri hadi maabara za ng'ambo, lakini anayetajwa kulitambua kwa usahihi ni Ian McCloud, mjiolojia wa serikali yetu aliyekuwa Dodoma. Lilikuwa zoisaiti, silikati ya kalisi na alumini iliyopewa jina hilo Ulaya tangu 1805. Zoisaiti ya kijani yenye rubi ilikwisha kujulikana Longido tangu miaka ya 1950. Madini hayakuwa mapya. Kilichokuwa kipya ni rangi.

Basi utambuzi ulifanyika Dodoma, lakini jina la biashara lilitolewa New York mwaka 1968 na kampuni ya Tiffany, na soko likafuata jina. Ngoma alisubiri hadi miaka ya 1980 ndipo serikali ikamtambua kuwa mgunduzi. Aprili 2018, Rais Magufuli alipozindua ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka migodi, alimpa shilingi milioni 100. Mzee yule alifariki mapema mwaka uliofuata.

Ukuta huo niliuunga mkono, na bado nauunga mkono. Ila sijaona juhudi ya kiwango hicho katika kumfundisha mchimbaji mdogo mambo ambayo hayahitaji maabara: kugeuza jiwe juani, kujaribu ugumu wake, kuuliza limetoka katika mwamba gani. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnaweza kunisahihisha.

Kijana aliniuliza ni wapi angeweza kulipimisha kabla ya kulipa. Nikamtajia ofisi ya madini ya mkoa, Kigoma mjini. Alihesabu nauli ya kwenda na kurudi, akakifunga tena kile kipande kitambaani.