Binti wa Milimani: Mwanamke Mgeni katika Hadithi ya Lwanda Magere

Katika fasihi simulizi ya Waluo ni wahusika wachache waliohukumiwa upesi kama msichana aliyeozwa Lwanda Magere. Shujaa huyo wa Kano alikuwa na mwili wa jiwe usiopenya mkuki. Maadui zake wa milimani, ambao Waluo huwaita Lang'o, na ambao wasimulizi wengine huwataja kuwa Wanandi na wengine Wakipsigis wa Kericho, walishindwa vitani, wakamtolea binti mzuri ili wapate siri yake. Masimulizi mengi hayampi binti huyo hata jina.

Siri ilifichuka katika uuguzi. Lwanda aliugua, mkewe akataka kumchanja chale atie dawa, wembe ukakataa. Ndipo alipoamriwa akichanje kivuli. Katika Kiluo neno tipo ni kivuli, na pia ni roho ya mtu. Kwa hiyo msikilizaji wa Kano haoni kioja hapo, bali imani yake mwenyewe. Mgeni aliifikia imani hiyo kwa kutimiza wajibu wa mke. Usiku akatorokea kwao. Vita viliporejea kivuli kilichomwa mkuki, na shujaa akageuka jiwe.

Wasomi wa misheni walizoea kumfananisha na Delila. Ulinganisho huo una kasoro. Delila wa Kitabu cha Waamuzi aliahidiwa na kila mkuu wa Wafilisti vipande 1,100 vya fedha. Binti wa milimani halipwi kitu. Tena Samsoni alimpenda Delila mwenyewe, ilhali huyu alitolewa na wazee wake.

Kwa Wakipsigis wa jadi, arusi ilifanyika penye mabwaita, madhabahu ya matawi yaliyosimikwa nje ya nyumba, ambapo Asis aliombwa. Masimulizi ya Kano hayaigusi ibada hiyo. Je, kwa dini ya kwao, binti huyu alikuwa mke kweli, au rehani ya amani tu?

Swali hili si la vitabuni pekee. Okoiti Omtatah alichapisha tamthilia yake, Lwanda Magere, mwaka 1991. Mwaka 1992 mapigano ya kikabila yakawakumba wakazi wa mpaka wa Kericho na Kisumu. Hata hivyo mashamba ya chai, tangu miaka ya 1920, yalikwisha kuwaleta vibarua wa Kiluo milimani, na wengine wakaoana na wenyeji. Katika nyumba hizo mtoto husimuliwa kisa cha Lwanda huku mama yake, Mkipsigis, akisikiliza.